Mtafutaji na Santuri Yake: Tungo za Cat Stevens, Aliye Yusuf Islam

Kuteua tungo ni kutoa hukumu. Mtu akiishika diwani ya Muyaka bin Haji, akachambua humo mashairi ya mapenzi na kuyaacha mengine yote, atakayempata ni Muyaka wa namna nyingine: mtamu wa maneno, lakini asiyejua lolote la vita vya Mombasa na Lamu wala vijembe vya siasa za zama zake. Mteuzi huyo hatakuwa amezua kitu, kwani kila shairi alilolichukua ni la Muyaka kweli. Uongo utakuwa katika yale aliyoyaacha. Diwani teule zote zina hatari hiyo, na santuri za nyimbo zilizovuma zina hatari kubwa zaidi, kwa sababu mteuzi wake wa kwanza ni soko.

Mwaka 1975 ilitolewa santuri ya Cat Stevens iliyopewa jina jepesi kabisa, "Greatest Hits", yaani nyimbo zake zilizovuma kupita zote. Zilikuwamo nyimbo 12. Iliuzwa kwa mamilioni, na kwa wasikilizaji wengi duniani ndiyo santuri yake pekee waliyowahi kuimiliki. Anayekutana naye humo humwona kijana mpole mwenye ndevu na gitaa, mfariji wa waliovunjika moyo, mwimbaji wa asubuhi njema na mbalamwezi. Miaka miwili baadaye kijana huyo alitoa shahada. Mwaka 1979 aliliweka gitaa chini, na dunia ya muziki ikashangaa. Tangu hapo imezoeleka kuzungumzwa kana kwamba walikuwapo watu wawili: Cat Stevens aliyeimba, na Yusuf Islam aliyemnyamazisha.

Makala haya yanashikilia kwamba mtu huyo ni mmoja, na kwamba kilichomgawa vipande viwili ni uteuzi. Tungo zake zikisomwa kwa mpangilio wa miaka, pamoja na zile ambazo soko liliziacha, huonekana kuwa utungo mmoja mrefu wa mtu anayeuliza. Kunyamaza kwake ni ubeti wa utungo huo huo. Jambo linalofaa kuhojiwa na mhakiki ni jingine: mtunzi aliyeishi kwa swali hutunga nini baada ya kupata jibu?

Jina alilopewa na wazazi wake ni Steven Demetre Georgiou. Alizaliwa London tarehe 21 Julai 1948. Baba yake alikuwa Mgiriki wa Kupro na mama yake alitoka Uswidi. Walikuwa na mkahawa katikati ya jiji, karibu na Piccadilly Circus, na familia iliishi juu ya mkahawa huo. Mtaa wenyewe ulikuwa mtaa wa majumba ya michezo ya kuigiza, ambako taa hazizimwi usiku kucha. Baba alifuata Kanisa la Orthodox, mama alikuwa Mbaptisti, na skuli aliyopelekwa ilikuwa ya Kikatoliki. Mtoto aliyelelewa baina ya milango mitatu ya imani, juu ya ukumbi wa wageni wanaokula na kuondoka, hakuhitaji kusafiri ili ajue kwamba watu hawaishi kwa namna moja.

Alianza kurikodi mwaka 1966, akiwa na miaka 18. Wimbo wake "Matthew and Son", unaoeleza wafanyakazi wanaomalizwa nguvu na ofisi ya tajiri wao, ulipanda mwaka 1967 hadi nafasi ya pili katika orodha ya Uingereza. Mwaka huo huo P. P. Arnold alirikodi "The First Cut Is the Deepest", utungo wa Stevens juu ya jeraha la penzi la kwanza, ambao baadaye ulichukuliwa pia na Rod Stewart na Sheryl Crow. Kijana alikuwa na jina, fedha na safari zisizokwisha. Kisha, akiwa na umri wa miaka ishirini hivi, akaanguka kwa kifua kikuu. Alilazwa kwa miezi katika hospitali ya Midhurst, kusini mwa Uingereza, na kupona kwake kulichukua karibu mwaka mzima. Huko alisoma vitabu vya dini za Mashariki, akajifunza kutafakari kwa kukaa kimya, na akatunga nyimbo nyingi ambazo zingemtambulisha upya.

Nyimbo za ujana huo wa kwanza hazimo katika santuri ya 1975, kwa kuwa zilikuwa mali ya kampuni nyingine. Kwa hiyo msikilizaji wa mkusanyiko huo hukutana na mtu aliyekwisha kupona bila ya kuambiwa kwamba aliugua. Kasoro hiyo ni ya msingi, kwani upole wa nyimbo za mwaka 1970 ni upole wa mtu aliyeamka kitandani asikotarajia kuamka. Ukiondolewa ugonjwa, upole huo huonekana kuwa tabia tu ya kijana mwenye sauti nzuri.

Fani ya nyimbo hizo nayo inastahili kutazamwa kwa karibu. Stevens alihamia kampuni ya Island, na mtayarishaji wake mpya, Paul Samwell-Smith, akaipunguza ile bendi kubwa ya vinanda na tarumbeta iliyomzunguka hapo awali. Yakabaki magitaa mawili, moja lake na jingine la Alun Davies, pamoja na piano kidogo, besi na ngoma zinazopigwa kwa hadhari. Sauti yake ni nzito chini na yenye mikwaruzo juu. Hunong'ona kwa mshororo mmoja na kupaza kwa unaofuata. Mishororo yenyewe haiko sawa kwa urefu. Sentensi humalizika pale fikra inapomalizika, na gitaa humsubiri. Aliyelelewa kwa mizani nane kwa nane ataziita tungo hizo guni, wala hatakuwa amekosea kwa sheria za shairi letu. Lakini wimbo una mizani ya pili ambayo haiandikwi, nayo hushikwa na vidole vya mpigaji. Katika wimbo "Rubylove" wa mwaka 1971, wenye buzuki na ubeti wa Kigiriki, msikilizaji anaweza kutambua alikoipata tabia ya kuyachechemesha mapigo: ni muziki wa nyumbani kwa baba yake.

Utungo wake mkubwa wa mwaka 1970 ni "Father and Son", baba na mwanawe. Asili yake ni mchezo wa jukwaani ambao haukukamilika, juu ya mapinduzi ya Urusi, ambamo mtoto wa mkulima anataka kwenda kujiunga na wanamapinduzi na baba anamtaka abaki shambani. Mchezo ulipotea, majibizano yakabaki. Mwimbaji mmoja anaimba kwa sauti mbili, ya baba ikiwa ya chini na tulivu, ya mwana ikiwa ya juu na yenye kukaza.

Msomaji wa mashairi ya mwambao atayatambua mara moja kuwa malumbano. Atakumbuka pia wosia wa Mwana Kupona kwa bintiye, ambamo mzazi anazungumza kwa upendo na ujuzi na binti hapewi ubeti wa kujibu. Stevens anampa mwana beti zake, lakini humo kuna jambo ambalo wasikilizaji wengi hulipita. Baba anamwambia mwanawe "wewe". Mwana hamwambii baba "wewe" hata mara moja. Humsema kwa "yeye", kama anayemsimulia mtu wa tatu. Baba anadhani wanazungumza. Mwana amekwisha kutoka chumbani, na sisi ndio anaotueleza. Malumbano yetu humalizika kwa mmoja kushindwa au kwa wote kusalimiana. Haya hayamaliziki kwa sababu hayajaanza. Huo ndio uzito wa wimbo huu, nao umebebwa na viwakilishi viwili tu. Ulipochukuliwa na kundi la Boyzone mwaka 1995 ukapanda tena katika orodha za Uingereza, mauzo yalikuwa makubwa, lakini mgawanyo wa sauti ulilegea na ukawa wimbo wa huzuni ya jumla.

"Moonshadow", kivuli cha mbalamwezi, ni wa mwaka 1971. Stevens ameeleza kwamba alikuwa Hispania, pwani, usiku usio na taa, akaona kivuli chake mwenyewe kwa mwanga wa mwezi kwa mara ya kwanza maishani mwake. Msomaji wa visiwani, aliyekulia michezo ya watoto kwenye mbalamwezi, anaweza kutabasamu kwa ugeni huo. Lakini ni ugeni uliozaa utungo. Mtunzi anahesabu viungo vya mwili wake kimoja baada ya kingine, akifikiria kukipoteza kila kimoja, na kila upotevu anautafutia nafuu yake. Kwa juu ni wimbo wa watoto, na watoto huupenda. Kwa ndani ni hesabu ya mtu aliyelala kwa miezi akijiuliza mwili utambakishia nini. Shukurani inayotokana na hesabu kama hiyo ni nzito kuliko ile ya mtu asiyewahi kukosa.

Nyimbo hizo mbili zimo katika santuri ya 1975, na wateuzi wanastahili sifa kwa hilo. Orodha iliyobaki inatia shaka. Katika nyimbo 12, mbili si maneno yake. "Morning Has Broken" ni utenzi wa kanisani wa mshairi Mwingereza Eleanor Farjeon, uliochapishwa mwaka 1931 kwa lahani ya zamani ya Uskochi. Kazi ya Stevens ilikuwa kuutia sauti, na kazi ya Rick Wakeman ilikuwa kuutia piano inayokumbukwa zaidi. "Another Saturday Night" ni wa Sam Cooke, utani wa kijana mwenye mshahara mfukoni asiye na mwenzi wa kutoka naye mwisho wa wiki. Wimbo huo ndio unaoifunga santuri. Mtu aliyetumia miaka mitano kuuliza aliko na aendako anaagwa kwa kicheko cha mtu mwingine.

Kilichoachwa ndicho kinachofafanua. Santuri ya "Mona Bone Jakon" ya mwaka 1970 haikutoa hata wimbo mmoja. Ukaachwa "Lady D'Arbanville", wimbo uliovuma Uingereza, ambamo mpenzi aliye hai anaombolezwa kana kwamba amelala usingizi wa kaburi. Ukaachwa "Trouble", ambamo mgonjwa anaisemesha dhiki yake kama mgeni aliyekaa mno. Ukaachwa "Where Do the Children Play?", swali lililo wazi tangu kichwa chake, linaloyauliza majengo, barabara na mashine za dunia mpya zimewaachia watoto nafasi gani. Ukaachwa pia "On the Road to Find Out", kisa cha msafiri anayeondoka nyumbani kutafuta ukweli na mwisho akaelekezwa kutazama ndani yake na kufungua kitabu. Wimbo huo wa mwisho ni wa mwaka 1970, miaka sita kabla ya kaka yake, David, kumletea nakala ya Qur'ani kutoka safari ya Jerusalem. Ungekuwamo, wasikilizaji wa 1975 wangeshangaa kidogo zaidi mwaka 1977.

Pengo kubwa kuliko yote ni "Foreigner", santuri ya mwaka 1973 aliyoirikodi Jamaika. Upande wake wa kwanza wote ni utungo mmoja wa dakika 18 hivi, ambamo mgeni anabisha hodi kwenye muziki usio wake na kwenye mapenzi asiyoyafahamu bado. Si utungo uliokamilika. Una vipande vilivyounganishwa kwa nguvu, na maneno yake mara nyingine ni mepesi kuliko lahani. Lakini ndipo Stevens alipojaribu utendi badala ya shairi fupi, na soko halina nafasi ya utendi. Wala majina ya santuri nyingine hayakuficha alichokuwa akikitafuta. "Catch Bull at Four" ya mwaka 1972 imechukua jina lake katika picha kumi za mchungaji na fahali, mafunzo ya Kibuddha yaliyotungwa China katika karne ya 12. Katika picha ya nne fahali amekamatwa lakini hajafugika. Mtunzi alijua vizuri amefika wapi. "Numbers" ya mwaka 1975 ilijaribu elimu ya siri za tarakimu, na ni dhaifu. Mtafutaji hupita pia njia zisizofika.

Katikati ya miaka ya 1970 aliingia kuogelea pwani ya Malibu, California, mkondo ukamvuta, akaishiwa nguvu. Amesimulia kwamba alimwomba Mungu amwokoe naye atamtumikia, na wimbi likamrudisha ufukoni. Watu wa bahari hawahitaji kuelezwa maana ya mkondo. Baadaye akaisoma ile Qur'ani ya kaka yake, na sura iliyomgusa hasa ni ya Nabii Yusuf, kisa cha kutupwa kisimani, kuuzwa, kufungwa na kurejeshewa heshima, ambacho washairi wa mwambao nao wamekitungia tenzi. Alisilimu Desemba 1977, na mwaka uliofuata akalichukua jina hilo. Santuri yake ya mwisho ya zama hizo, "Back to Earth", ilitoka mwaka 1978. Tarehe 22 Novemba 1979 alipanda jukwaa la Wembley katika tamasha la Mwaka wa Mtoto, akaimba, akashuka. Ala zake zikapigwa mnada kwa ajili ya sadaka. Hakurejea kwa albamu ya nyimbo za aina hiyo hadi 2006.

Kuhusu ukimya huo, magazeti ya Magharibi yaliandika kana kwamba sanaa imeuawa. Mwambao unaweza kulitazama jambo hili kwa utulivu zaidi, kwa kuwa hapa si jipya. Maulidi ya Homu huswaliwa Mtume kwa tari. Klabu ya taarab ya Unguja iliyoasisiwa mwaka 1905 ilijipa jina la Ikhwani Safaa, ndugu wa usafi. Na katika miji hiyo hiyo wamekuwapo daima masheikh waliosema kwamba nyuzi za udi na kanuni hazifai. Watu waliishi na ikhtilafu hiyo, kila mmoja kwa dhamiri yake. Yusuf Islam aliambiwa mambo tofauti na Waislamu tofauti, akachagua njia aliyoiona ya salama. Uhakiki hauna mamlaka ya fatwa na hauhitaji kumhukumu. Unachoweza kusema ni kwamba mtu aliyeuliza kwa miaka kumi, kisha akasikia jibu, ana haki ya kunyamaza ili alisikie vizuri.

Miaka ile hakukaa bure. Mwaka 1983 alianzisha skuli ya msingi ya Kiislamu London, ambayo mwaka 1998 ilikuwa miongoni mwa skuli za kwanza za Kiislamu kupata fedha za serikali ya Uingereza. Mwaka 1989 maneno yake kuhusu hukumu dhidi ya mwandishi Salman Rushdie yalizua ghadhabu kubwa. Yeye ameshikilia tangu hapo kwamba hakuunga mkono mauaji, na wengi hawakuridhika. Kundi la Marekani la 10,000 Maniacs, lililokuwa limeuimba "Peace Train", garimoshi la amani, katika albamu yake ya 1987, liliuondoa wimbo huo katika matoleo ya baadaye nchini humo. Mwaka 2004 ndege aliyoipanda kwenda Marekani iligeuzwa njia ikatua Bangor, Maine, naye akarudishwa kwa kisa cha orodha za usalama. Utungo haukubadilika hata neno moja, lakini mtunzi wa wimbo wa amani alikuwa ameshukiwa mara mbili, kwa sababu mbili tofauti. Kosa la kumsoma mtunzi kwa santuri moja lina matokeo yake nje ya muziki: aliyemjua kama mfariji alijiona amesalitiwa, na aliyemjua kama Mwislamu tu hakujua alikotoka.

Alipoanza kurudi kwenye kurikodi, alirudi kwa sauti bila gitaa. "The Life of the Last Prophet" ya mwaka 1995 ni masimulizi ya maisha ya Mtume. "A is for Allah" ya mwaka 2000 ni ya kuwafundisha watoto. Kati yake ulipita mkusanyiko wa ajili ya Bosnia, uliobeba wimbo wa Irfan Ljubijankić, waziri wa mambo ya nje wa nchi hiyo, aliyempa Yusuf kanda yake kabla ya kuuawa vitani mwaka 1995. Kwa kauli yake mwenyewe, vita vya Bosnia ndivyo vilivyomwonyesha kwamba wimbo unaweza kuwa tegemeo la watu waliozingirwa.

Hapa ndipo mhakiki analazimika kusema wazi. Kazi za miaka ile zina faida kwa waliokusudiwa, hasa watoto, na nia yake haina doa. Kama tungo ni hafifu. Kila mshororo unajua mwisho wake kabla haujaanza. Hakuna mtu ndani yake anayesitasita. Wapo watakaosema kwamba hiyo ndiyo bei ya dini katika sanaa, na historia yetu inawakanusha. "Al-Inkishafi" ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir ni utungo wa dini kutoka kiunoni hadi utosini. Nguvu yake inatokana na mshairi kuusemesha moyo wake mwenyewe, kuukemea, kuuliza wako wapi waliojenga majumba ya Pate, na kutouamini moyo huo hata mwisho. Imani ya mshairi huyo haina shaka, na bado utungo wake umejaa maswali, kwa sababu anayehojiwa ni nafsi yake. Kilichokosekana katika kazi za Yusuf za miaka ya 1990 ni nafsi hiyo inayohojiwa. Mwalimu alikuwa ameketi mahali pa mtunzi.

Urejeo wa kweli ulianza nyumbani, mtoto wake wa kiume alipoleta gitaa ndani na baba akalishika alfajiri moja, kama alivyosimulia. Mwaka 2006 ilitoka "An Other Cup", kikombe kingine, jina linalokumbusha chai ya santuri ya 1970. Ndani yake alikirejea kipande cha ule utungo mrefu wa "Foreigner" na kukitia katika wimbo mpya. Kile ambacho mteuzi wa 1975 alikiona hakifai, mtunzi mwenyewe alikitafuta baada ya miaka 33. Zikafuata "Roadsinger" mwaka 2009 na "Tell 'Em I'm Gone" mwaka 2014, mwaka ambao aliingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa muziki wa roki Marekani, na ambao aliandika kijitabu kueleza kwa nini bado anabeba gitaa. Katika "The Laughing Apple" ya 2017 alizirudia baadhi ya nyimbo za 1967. "King of a Land" ilitoka mwaka 2023, naye mwaka huo akaimba mbele ya umati wa Glastonbury. Katika albamu hizi mwalimu hajaondoka kabisa, na kuna nyimbo ambazo mawaidha yake yanazizidi nguvu. Lakini mtunzi amerudishiwa kiti chake.

Ushahidi mkubwa wa jambo hilo ni wa mwaka 2020. Santuri ya "Tea for the Tillerman" ilipotimiza miaka 50, Yusuf aliirikodi upya yote. Katika "Father and Son" hakuimba sauti zote mbili. Sauti ya mwana ilichukuliwa katika rikodi yake ya jukwaani ya mwaka 1970, alipokuwa na miaka 22. Sauti ya baba ni yake mwenyewe akiwa mzee. Mtu huyo huyo anamnasihi kijana aliyekuwa yeye.

Ingekuwa rahisi kuufanya wimbo huo upatanisho. Mzee angeweza kubadili neno, akaonyesha kwamba kijana amefika salama, kwamba kitabu kimepatikana, kwamba mapinduzi yalikuwa ya moyo. Hakubadili. Baba bado anasema "wewe", na mwana, kutoka nusu karne nyuma, bado anasema "yeye". Sasa msikilizaji anajua mambo ambayo kijana wa 1970 hakuyajua: kwamba ataondoka kweli, kwamba bahari itamrudisha, kwamba atanyamaza kwa zaidi ya robo karne. Mzee anayajua yote hayo, na bado hana njia ya kumfikishia mtoto. Jibu amelipata; swali halikufutika. Huo ndio mkutano wa imani na ushairi ambao kazi za miaka ya 1990 ziliukosa, na umepatikana kwa kurudi kwenye utungo wa kale badala ya kuukana.

Kumbukumbu za maisha yake alizozichapisha mwaka 2025 zimebeba jina linalotokana na "On the Road to Find Out", wimbo wa msafiri na kitabu. Alipopewa nafasi ya kujiteua mwenyewe, alianza na kile kilichoachwa. Mpenda tungo anayetaka kumjua hana haja ya kuitupa santuri ya 1975, ambayo nusu yake ni nyimbo bora za zama hizo. Ila aisikilize baada ya nyingine: kwanza ile ya chai ya mwaka 1970, kisha upande wa kwanza wa "Foreigner" kwa subira, kisha sauti mbili za mwaka 2020. Akifika kwenye zile nyimbo 12 atazitambua kuwa ni beti zilizokatwa katika utendi, na atajua zilikatwa wapi.